Anna May Wong na Mtihani wa Ulimi

Anna May Wong, mwigizaji wa sinema, alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari, 1905, binti wa dobi wa asili ya Kichina ambaye naye alizaliwa California. Katika zama za sinema zisizosema, sura yake ilitosha. Mwaka 1929 alicheza jukwaani London katika mchezo wenye asili ya Kichina, nao wahakiki wakaitia ila lafudhi yake ya Kimarekani, kana kwamba haikustahili kutoka katika kinywa kama chake. Akatafuta mwalimu, akajifunza matamshi ya Waingereza. Mwaka 1930 hadithi moja ilipigwa sinema kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, naye akaicheza katika lugha zote tatu. Kazi hiyo si haba.

Hata hivyo, katika sinema ya The Good Earth (1937), nafasi ya O-Lan, mke wa mkulima wa Kichina, alipewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka 1936 Wong alikwenda Uchina kwa mara ya kwanza. Nyumbani kwao kilisemwa Kichina cha kusini. Kwa hiyo Peking ilimbidi kutafuta mwalimu tena, ajifunze Kimandarini. Alifariki Februari, 1961.