Omanyala: saa ya Kasarani na saa ya Paris

Mashabiki wa riadha nchini Kenya wamezoea kushangilia kwa subira. Mita 10,000 ni mizunguko 25; mtu anapata muda wa kununua njugu, kubishana na jirani, kisha kusimama kengele ya mzunguko wa mwisho inapolia. Septemba 18, 2021, katika mashindano ya Kip Keino Classic uwanjani Kasarani, hapakuwa na nafasi ya njugu. Trayvon Bromell wa Marekani alimaliza mita 100 kwa sekunde 9.76. Ferdinand Omanyala akamfuata kwa 9.77. Justin Gatlin, bingwa wa Olimpiki wa 2004, alikuja wa tatu, nyuma kabisa ya hao wawili. Rekodi ya Afrika ya 9.84, ambayo Akani Simbine wa Afrika Kusini alikuwa ameiweka Julai mwaka huohuo, ikahamia Kenya, nchi ambayo kwa miaka mingi ilizichukulia mbio fupi kama mchezo wa watu wengine.

Omanyala, aliyezaliwa 1996, hakulelewa kwenye kambi ya riadha. Alikuwa mchezaji wa raga na mwanafunzi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na alianza kukimbia akiwa tayari kijana mzima, karibu na miaka ishirini. Mwaka 2017 vipimo vilionyesha betamethasone mwilini mwake, dawa aliyosema alipewa alipokuwa akitibiwa maumivu ya mgongo. Akafungiwa miezi 14. Kwa mwanafunzi wa kemia, hilo lilikuwa somo la bei ghali.

Adhabu iliisha lakini doa lilibaki. Machi 2021 alikimbia 10.01 jijini Lagos, muda uliotosha kumpeleka Olimpiki ya Tokyo, ila Shirikisho la Riadha Kenya lilikuwa na msimamo wa kutowachukua waliowahi kufungiwa kwa dawa. Mvutano ukaendelea hadi mlango ulipofunguliwa. Huko Tokyo akafika nusu fainali na kukimbia 10.00. Wiki chache baadaye ndipo ikaja ile 9.77.

Ni lazima saa hiyo isomwe kwa makini. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, muda hauhesabiwi kuwa rekodi. Urefu wa uwanja kutoka usawa wa bahari, kinyume chake, haufuti kitu, ingawa nao unasaidia. Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na mwili unaokwenda kasi hukutana na upinzani mdogo. Mkimbiaji wa masafa marefu huteseka hapo kwa uhaba wa oksijeni. Wa mita 100 anamaliza kazi kabla deni hilo halijadaiwa. Omanyala amekimbia 9.77, 9.85, 9.84 na 9.79, na mara zote hizo alikuwa Nairobi. Ushindi wake wa Diamond League mjini Monaco mwaka 2023, kando ya bahari, ulikuwa wa 9.92. Huo pia ni muda wa mwanamume mwenye kasi ya ajabu, na pengine ndio unaotuambia ukweli zaidi.

Tofauti kati ya 9.77 na 9.92 ni kama kupepesa jicho, lakini kazi yote ya mkimbiaji wa mbio fupi imo humo. Anainama kwenye bloku, vidole nyuma ya mstari, na akiitikia mlio ndani ya muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde anahesabiwa ameiba. Anatolewa bila onyo. Akiondoka salama, kasi hupanda hadi kati ya mita ya 50 na ya 70 hivi. Baada ya hapo wote hupungua, hata bingwa. Anayeonekana kuchomoka mwishoni kwa kawaida ni yule anayepungua polepole kuliko wenzake.

Halafu kuna mambo ambayo hayakimbiwi. Julai 2022 viza ya Marekani ilimchelewa Omanyala, akatua Eugene saa chache tu kabla ya raundi ya kwanza ya Mashindano ya Dunia. Alivuka raundi hiyo, akaishia nusu fainali. Wiki tatu hazikufika, akashinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa 10.02, mbele ya Simbine.

Mkenya wa mwisho kushinda mbio za namna hiyo kwenye michezo hiyo alikuwa Seraphino Antao, mtoto wa Mombasa mwenye asili ya Goa. Mwaka 1962 mjini Perth alitwaa yadi 100 na yadi 220 kwa pamoja, kabla Kenya haijapata uhuru, na mwaka 1964 akaibeba bendera ya taifa jipya Tokyo. Miaka 60 ikapita kati ya dhahabu ya Perth na ya Birmingham.

Mwaka 2023 Omanyala alifika fainali ya dunia mjini Budapest, akawa wa saba. Juni 2024 alikimbia 9.79 kwenye mchujo wa taifa uwanjani Nyayo, na Wakenya wakaanza kupanga sherehe. Agosti, kwenye Olimpiki ya Paris, alimaliza wa mwisho katika nusu fainali yake kwa 10.08. Fainali yenyewe ilikuwa kali: Noah Lyles alimshinda Kishane Thompson kwa sehemu tano kati ya elfu moja za sekunde, na aliyeshika nafasi ya nane alikimbia 9.91. Simbine alikuwa wa nne kwa 9.82, nafasi ileile aliyoipata Tokyo.

Waliomzomea Omanyala mitandaoni walikuwa wakilinganisha saa ya Nairobi na saa ya Paris. Shirikisho linaweza kuondoa kosa hilo kwa hatua moja: mchujo wa mbio fupi wa Olimpiki ya 2028 uteremshwe Mombasa, kwao Antao, kwenye tartani ya kiwango cha kimataifa na katika hewa nzito ya usawa wa bahari. Atakayekimbia 9.90 pale, huyo tumsindikize Los Angeles tukiwa na matumaini ya haki.