Barafu Isiyoonekana Katika Mitaa ya Montréal

Wasemaji wa Kiswahili wanaohamia Montréal kutoka Kongo, Burundi na Rwanda huonywa mapema kuhusu baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini siku za kuogopwa zaidi ni zile ambazo kipimajoto huchezacheza karibu na sifuri, kwani wakati huo uso wa barafu hubeba utando mwembamba wa maji unaoifanya iteleze kuliko ilivyo katika baridi kali. Theluji nene huonekana na huondolewa kwa sepetu. Barafu nyembamba huonyesha rangi ya lami iliyo chini yake, na dereva huidhania kuwa maji mpaka breki zinapokosa kushika, hasa juu ya madaraja, ambayo huganda mapema kwa sababu hewa baridi huyapitia juu na chini.

Chanzo kibaya zaidi ni mvua inayoganda. Theluji inayoanguka kutoka juu huyeyuka inapopita katika tabaka la hewa yenye joto, kisha matone huingia katika hewa baridi iliyotuama bondeni mwa mto Saint-Laurent, yakabaki maji ingawa yako chini ya sifuri, na kuganda mara tu yanapogusa chochote. Ngazi za chuma zilizojengwa nje ya nyumba katika mitaa kama Plateau na Rosemont huvikwa barafu tangu kishikio hadi kidato cha mwisho, hivyo mtu huwa hatarini hata kabla ya kufika barabarani. Kati ya tarehe 5 na 10 Januari 1998, mvua ya aina hiyo iliangusha minara ya umeme, na baadhi ya kaya kusini mwa jiji zilikaa gizani kwa wiki kadhaa.

Chumvi huyeyusha barafu kwa kushusha kiwango cha kuganda kwa maji, lakini hulegea sana baridi ikizidi nyuzi 10 chini ya sifuri. Ndipo humwagwa kokoto ndogo ili nyayo zipate mkwaruzo. Sheria ya Québec nayo hulazimisha matairi ya majira ya baridi, ambayo mpira wake haukakamai, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Tarehe hiyo ya mwisho haipaswi kuchukuliwa kuwa ruhusa ya kuyavua upesi, kwa kuwa tarehe 5 Aprili 2023 mvua inayoganda iliangusha matawi juu ya nyaya na kukata umeme kwa wateja zaidi ya milioni 1.