Baruti Zaidi Haitakufikisha

Msomaji wa Elgon View ameleta swali zuri. Bunduki yake ya leseni, ya milimita 7.62, hulenga barabara huku kwetu Eldoret. Alipoivusha mpaka kwenda kuwinda Selous, Tanzania, risasi za mbali zikawa zinapiga chini ya shabaha. Sasa anawaza kujijazia risasi mwenyewe, atie baruti zaidi ili zifike.

Hilo la "zaidi" tuliweke kando mapema. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kitakoni, baruti ndani na kichwa kinachoruka. Fataki ikiwasha baruti, presha ndani ya bunduki ya aina hii hupanda hadi takriban mara 4,000 ya presha ya hewa ya kawaida. Baruti ikipita kiwango, presha hiyo hurudi kumtafuta mpigaji. Ndiyo maana anayejua kazi huanza na kipimo cha chini kabisa katika jedwali la mtengenezaji wa baruti ile ile, akapanda kidogo kidogo, na akiona fataki imebonyea bapa au komeo limekuwa gumu kufunguka, hapo hapo anaacha.

Anachokitafuta katika kupanda huko si kasi kubwa. Anatafuta kasi isiyobadilika. Tuseme kichwa kinatoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde, na kinachofuata kinatoka kwa 784. Ni tofauti ya asilimia mbili tu. Kwenye mita 100 huwezi kuiona, maana haifiki hata nusu sentimita. Kwenye mita 500 vichwa hivyo viwili vimeachana kwa sentimita kumi hivi, kimoja juu ya kingine, na mpigaji hajakosea lolote. Karatasi ya mita 100 humsifu kila mtu. Ndiyo maana siiamini sana.

Tofauti hiyo hutoka wapi? Baruti iliyopimwa kwa kibaba badala ya mizani. Maganda yaliyochanganywa, mengine mazito, yenye nafasi ndogo ndani. Shingo ya ganda inayokibana kichwa kwa nguvu hapa na kukilegeza pale. Halafu kuna kina cha kukisukumia kichwa ndani ya ganda, ambacho kila mtutu una chake unachokipenda. Hiki hukitambui kwa hesabu, ni mpaka ujaribu na kuandika. Kiwanda hakiwezi kukufanyia hilo. Kile cha serikali kilicho hapa Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, kilichoanzishwa mwaka 1997, lazima kitoe risasi itakayoingia katika kila bunduki ya kipimo chake. Anayejaza kwa mkono anaishonea bunduki moja.

Lakini kabla hujatandika meza gerejini Elgon View, kumbuka uko Kenya. Uwindaji ulipigwa marufuku hapa mwaka 1977. Bunduki na risasi zinasimamiwa na Sura ya 114 ya sheria zetu, na baruti huangukia Sura ya 115, ya vilipuzi. Leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kugeuza nyumba kuwa karakana ya risasi.

Na kwa kweli sidhani risasi za msomaji wetu zina kasoro. Ninachokishuku ni hewa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Wanariadha huja huku kwa sababu hiyo hiyo. Kichwa cha risasi hapa hakizuiwi sana, kwa hiyo hubaki na kasi yake na kushuka kidogo. Selous ni bondeni, hewa ni nzito, na darubini iliyorekebishwa Eldoret hupiga chini zaidi ya sentimita kumi kwenye mita 500. Hakuna ujazaji wa baruti unaoondoa hilo.

Joto nalo lina lake, tena kwa upande wa pili: baruti iliyopata moto huongeza presha na kasi. Waingereza waliliona hili zamani kwa baruti yao ya kordaiti, wakalazimika kuuza risasi zilizopunguzwa nguvu kwa ajili ya nchi za joto. Risasi zilizoachwa juani kwenye dashibodi ya gari si zile ulizozijaribu kwenye baridi ya asubuhi ya Uasin Gishu, hata kama zimetoka boksi moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa bei nafuu. Nunua boksi kadhaa za toleo moja, zenye namba moja ya kundi, uziweke kivulini. Ukifika kambini bondeni, piga chache kwenye karatasi ya mita 200, kisha ya 300, urekebishe darubini hapo. Mnyama aliye mbali kuliko karatasi uliyoijaribu, msogelee au mwache.