Taa ya miche ndani ya nyumba: ipi inafaa?

Hapa Mkuyuni nyumba nyingi zimebanwa na mawe, na chumba kilicho nyuma ya jiwe hakipati jua hata saa sita mchana. Mama akiotesha nyanya au sukuma wiki kwenye makopo humo ndani, miche hurefuka, hupauka na kulala. Huo si ugonjwa, ni njaa ya mwanga.

Taa husaidia, ila si kila taa. Balbu ya zamani ya waya hugeuza umeme mwingi kuwa joto. Ukiisogeza, inababua majani. Taa ya kubana umeme, ile iliyojisokota, huotesha vizuri, lakini ndani yake mna zebaki. Mimi siishauri kwenye nyumba yenye watoto. Ikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha, na usifagie: zoa vipande kwa karatasi ngumu, pangusa kwa kitambaa kibichi, kisha vifungie vyote kwenye kopo lenye mfuniko.

Nunua LED nyeupe ya kawaida iliyoandikwa 6500K. Za zambarau nazo huotesha, ila ni nani atakaa chumba cha rangi ile? Itundike sentimita 15 hadi 30 juu ya miche. Iwashe baada ya Alfajiri, izime baada ya Isha, yaani kama saa 14. Ya wati 10 hula uniti moja tu ya LUKU kwa wiki.

Soketi iwe juu kuliko makopo, mbali na maji. Na maji yanayobaki kwenye visahani yamwage, maana mbu wa dengi hutaga humo.