Kufeli au hitilafu? Namna programu za majaribio zinavyopaswa kusema ukweli

Kwa vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta katika kambi ya Dzaleka, intaneti ni miongoni mwa milango michache ya kazi. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, inahifadhi zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Malawi huwawekea wakimbizi vizuizi vya kuishi na kufanya kazi nje ya kambi, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka. Mteja aliye mbali hamjui mwandishi wa programu. Humpima kwa ripoti ya majaribio.

Ripoti hiyo hutolewa na programu maalumu za majaribio, kama JUnit, iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997 kwa ajili ya lugha ya Java, au unittest ya lugha ya Python. Kazi yake ni kuiuliza programu maswali na kulinganisha majibu.

Tuseme duka moja katika soko la Nsungwi, Lilongwe, linahitaji programu ya kukokotoa chenji. Mnunuzi ametoa kwacha 5,000 kwa bidhaa za kwacha 3,200. Programu ikijibu 1,700 badala ya 1,800, jaribio limefeli: hesabu ina kasoro. Lakini faili la bei lisipopatikana na kazi ikakatika kabla ya jibu, hiyo ni hitilafu, na huenda hesabu yenyewe ni sahihi. Unittest huyahesabu mambo hayo mawili kando, ili mtengenezaji ajue pa kuanzia.

Jaribio moja likianguka, mengine sharti yaendelee, na vilivyofunguliwa vifungwe. Aidha, zipo hitilafu zinazotakiwa: mnunuzi akitoa kwacha 2,000 kwa bidhaa zilezile, programu inapaswa kukataa. Isipokataa, jaribio ndilo lifeli.

Hatari kubwa zaidi ni hitilafu iliyomezwa. Mwandishi huweka amri ya kunasa kila hitilafu ndani ya jaribio, kisha kazi ikaendelea kimya. Katika Python, tangazo la kufeli lenyewe ni aina ya hitilafu, hivyo nalo hunaswa, na ripoti huonyesha kuwa jaribio limefaulu. Java imeliweka tangazo hilo nje ya kundi la hitilafu za kawaida, hivyo amri ya kunasa kundi hilo hailigusi.

Dawa yake ni kunasa hitilafu inayojulikana kwa jina tu, na kuziacha nyingine zifike kwenye ripoti. Ripoti yenye kasoro zilizo wazi hurekebishwa kabla ya kazi kukabidhiwa; ile inayozificha humwachia mwenye duka azigundue mwenyewe, fedha zikiwa zimeshapotea, na mwandishi akiwa amepoteza imani ya mteja asiyeweza hata kumfuata ofisini.