Famasi Hufa Stoo Kwanza

Kwenye Barabara ya Mizingani, Unguja, mkabala na bandari, limesimama jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi. Ndilo linalojulikana kama Zahanati ya Kale. Wengi wanaolipiga picha hawajui kwamba sehemu ya utajiri uliolijenga ilitoka mbali na bahari, Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, katika Kongo ya leo. Mwenye jengo, Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kiismailia, ndiye aliyekuwa akimkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, mali ya kuendea bara. Pembe za ndovu zilipofika pwani, deni lililipwa na faida ikabaki kwa mkopeshaji. Biashara hiyo ilikwenda sambamba na utumwa, na uzuri wa jengo haupaswi kutusahaulisha hilo.

Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala. Topan alikusudia hospitali ya maskini, lakini alifariki mwaka 1891 kabla ya kazi kwisha. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa kwa mali aliyoiacha tajiri mwingine wa Kihindi, Haji Nasser Nur Mohamed. Ghorofa ya chini ikawa zahanati ya hisani, za juu zikawa makazi.

Dawa huharibiwa na joto, unyevu na jua, na nyumba hii ina kinga dhidi ya joto na jua. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa hiyo joto la mchana huchelewa kupenya. Katikati kuna ua uliozungukwa na baraza za kila ghorofa, na hewa ya moto hupata njia ya kupanda. Vioo vya rangi hupunguza ukali wa jua, na mbao za kutobolewa hufanya hivyo bila kuziba upepo. Mafundi waliletwa kutoka India, na mikono yao inaonekana hadi kwenye nguzo za roshani.

Yote hayo hayakuiokoa zahanati. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba waliondoka, huduma ikakoma na mbao zikaanza kuoza. Mwaka 1990 serikali ililikodisha jengo kwa Aga Khan Trust for Culture, likakarabatiwa, na mwaka 1997 likafunguliwa kuwa kituo cha utamaduni. Jengo limepona. Dawa hazikurudi, kwa sababu aliyekuwa akizigharamia hakuwapo tena.

Sasa turudi Kabambare, kwenye njia ya misafara kati ya Ujiji na Nyangwe. Mvumbuzi David Livingstone, aliyeuita mji huo Bambarre, alikaa hapo kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, hawezi kutembea kwa vidonda vya miguu. Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu Januari 1867, akiwa njiani. Akatumia tiba ya wenyeji wake wafanyabiashara: jiwe la kijani la malakaiti husagwa kwa maji, kisha hupakwa kidondani kwa unyoya. Pembe zilikuwa na njia ya kutoka hapo hadi pwani. Dawa hazikuwa na njia ya kuja.

Miaka mia moja baadaye, Kasongo, jirani ya Kabambare, ilionyesha kwamba njia hiyo inaweza kujengwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, na wenzao wa Zaire, jina la Kongo wakati huo, walianzisha Mradi wa Kasongo. Vituo vya afya vilikuwa majengo ya kawaida tu, yakiongozwa na wauguzi. Mgonjwa alilipa mara moja kwa ugonjwa mmoja, dawa zikiwemo, akarudi hadi apone bila kudaiwa tena. Stoo ilikuwa na kadi kwa kila dawa: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Kilichobaki kilimwambia muuguzi lini aagize. Uzoefu huo ulichangia fikra iliyozaa kanda za afya, ambazo katikati ya miaka ya 1980 zilifika 306 nchini Zaire.

Mpango huo ulikuwa na sharti moja: fedha ya dawa iliyouzwa leo itoshe kununua nyingine kesho. Sharti hilo ndilo lililovunjika. Mwaka 1990 Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano na serikali ya Rais Mobutu baada ya mauaji ya wanafunzi Lubumbashi. Ukafuata uporaji wa 1991 na 1993, na mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Muuguzi mwaminifu aliyehifadhi kila senti alijikuta na boksi la noti zisizonunua hata katoni moja ya vidonge. Kwa hiyo rafu zilikuwa zimepungua kabla ya vita vya 1996 na 1998 kufika. Vita vilikuja kumalizia.

Pengo hilo limezibwa na maduka ya dawa ya watu binafsi. Dawa huja kwa lori au kwa pikipiki kupitia barabara mbovu, hukaa kwenye banda la mabati, na huuzwa vidonge vichache vichache kwa asiyeweza kununua dozi nzima. Kumlaumu muuzaji peke yake ni kukwepa suala. Yeye amejaza nafasi iliyoachwa na stoo ya umma. Na utajiri haujakoma kuondoka: mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika wilaya hiyohiyo ya Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016.

Unguja ilipata nyumba ya fahari, Kasongo ikapata mpango bora, na vyote viwili vilianguka siku mlipaji alipoondoka. Wanaoiongoza Maniema kutoka Kindu, wafadhili na wananchi wa Kabambare wanapoletewa ramani ya jengo jipya la dawa, waulize kwanza: shehena ya pili italipwa na nani, kwa fedha gani, na itapita barabara ipi? Ramani isiyo na majibu hayo isitiwe saini.