Nyoka: kamba na jiwe havimwokoi aliyeng'atwa



Ndugu msomaji, huenda umewahi kuona katika filamu yule nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani, ambaye huzitikisa kumwonya anayemkaribia. Nyoka huyo hayupo Afrika. Kwetu yupo jamaa yake wa ukoo mmoja, kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, na huyu hana njuga. Akichokozwa hujaza pumzi na kufoka, lakini mara nyingi hulala kimya njiani, rangi yake ikifanana na majani makavu, mpaka akanyagwe. Mtambue kwa mwili mnene na mfupi, kiasi cha mita 1, kichwa kipana cha pembetatu, na alama mgongoni zilizopangika kama herufi V. Hutembea zaidi usiku, ndiyo maana wengi hung'atwa chini ya goti. Basi unapotoka kwenda kuswali Alfajiri, au kwenda choo cha nje, chukua tochi na uvae viatu vinavyofunika mguu. Kandambili hazitoshi.

Swila yeye huinuka na kutanua shingo, na wapo wanaotema sumu machoni kwa umbali wa mita 2 na zaidi. Koboko ni mrefu, hupita mita 2, mwembamba, wa kijivu au kahawia. Weusi wake uko ndani ya kinywa.

Nyoka haingii nyumbani kukutafuta wewe. Anafuata panya, na panya anafuata nafaka iliyomwagika na taka zilizolundikwa nyuma ya jiko. Ondoa kuni zilizoegemezwa ukutani, ziba matundu, fyeka majani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kukung'uta tandiko kabla ya kulala, jambo lililopokewa na Bukhari na Muslim, nasi wengi tumeliacha. Chandarua kilichochomekewa vizuri chini ya godoro nacho huzuia nyoka, si mbu tu.

Sasa tuseme mtu ameng'atwa. Hapa ndipo familia zetu huharibu. Wa kwanza analeta kamba na kukaza mguu, wa pili analeta wembe, wa tatu anakimbilia jiwe jeusi la mganga. Jiwe hilo halinyonyi sumu. Wembe huongeza kutoka damu na vidonda. Kamba ndiyo mbaya zaidi kwa kifutu, kwa sababu sumu yake huozesha nyama palepale ilipoingia, na ukizuia damu isipite unaisaidia kazi yake. Sisi matabibu tunapokea miguu iliyokwisha kuwa myeusi, na hapo mazungumzo yanakuwa ya kukata.

Linalotakiwa ni hili. Mlaze mgonjwa, asitembee. Vua pete, bangili na vikuku kabla uvimbe haujapanda. Funga kiungo kwenye ubao kama aliyevunjika mfupa, bila kukaza, kisha tafuta usafiri. Akianza kulegea kope, kushindwa kumeza au kuongea kwa shida, mlaze ubavu na uharakishe zaidi, kwa maana sumu ya koboko huzuia pumzi. Usimpe aspirini wala diklofenaki, huongeza hatari ya kutoka damu. Kumwua nyoka kumeruhusiwa hata ndani ya swala, lakini anayemfuata kichakani na fimbo mara nyingine hutuletea mgonjwa wa pili.

Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi. Wapo wanaoshauri akojolewe; mkojo ni najisi, na maji ya udhu yapo pale pale.

Utauliza, na rukya? Hadithi ya Abu Said Al-Khudri (r.a.) ya kusomewa Al-Fatiha mtu aliyegongwa ni sahihi, nami siikatai. Msomeeni, lakini someni mkiwa ndani ya gari. Mtume (s.a.w.) huyo huyo ameamrisha kujitibu, na kumweka mtoto uani mpaka shekhe afike si katika kutegemea kwa Allah.

Hospitalini hutundikiwa dawa ya kuua sumu, itengenezwayo kwa kinga ya farasi. Msishangae mtoto kupewa kiasi sawa na mtu mzima, kwani nyoka hakumpunguzia sumu kwa udogo wake. Hata asiye na dalili huangaliwa saa 24, na damu yake huwekwa kwenye chupa dakika 20 kuona kama inaganda. Ikiwa ni Ramadhani, asikatae dripu kwa ajili ya funga. Mgonjwa ana ruhusa, naye atalipa siku nyingine (Al-Baqara, 2:184-185).

Dawa hiyo haipo kila zahanati. Ulizeni sasa, mkiwa wazima, ni hospitali ipi ya karibu inayo, na nani mtaani mwenu ana gari au bodaboda ya kuitwa usiku.